Kila Jumatatu naumwa "malaria" ambayo vipimo havioni. Inaweza kuwa moshi wa kuchomelea?

Fundi_Mbagala:
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, hasa madaktari na mafundi wenzangu.

Nina miaka 31, nachomelea vyuma kwenye karakana moja hapa Dar. Zamani tulikuwa na mageti na grili za chuma cheusi, sikuwahi kuumwa. Tangu mwezi wa tatu bosi kapata tenda ya vizimba vya kuku, vyote vya bomba nyeupe zilizopakwa zinki. Moshi wake ni mweupe mzito, halafu kuna vinyuzi vinaelea na kutua mikononi kama utando wa buibui.

Jumatatu napiga kazi vizuri. Ikifika saa mbili usiku mdomo unakuwa na ladha ya sarafu, tamutamu, kisha baridi kali. Natetemeka ndani ya mablanketi mawili na joto hili la Dar. Kifua kinabana, viungo vinauma. Asubuhi shuka limelowa jasho, lakini Jumanne jioni nimeshapona. Jumatatu inayofuata, yaleyale.

Nimepima malaria mara nne, hamna. Mara mbili nikapewa dawa ya mseto hivyohivyo. Mke wangu ana mimba ya miezi sita, anahofia ni TB. Mdogo wangu anasema moshi ule una chembe za nano za madini, yaani ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Ni kweli? Kazi siwezi kuacha.

Kapteni_Gomz:
Pole mkuu. Kunywa maziwa nusu lita kabla ya kazi, yanasafisha kifua. Wote tunafanya hivyo.

Nesi_wa_Zamu:
Pole sana kaka. Maziwa yanashuka tumboni, moshi unaingia mapafuni. Kunywa ushibe, ila si kinga.

Unachoeleza kinafanana sana na homa ya mafusho ya madini. Moto wa kuchomelea unaichemsha zinki mpaka inakuwa mvuke. Mvuke ukikutana na hewa unapoa na kugeuka chembe za oksidi ya zinki, nyingi zikiwa chini ya nanomita 100. Unywele mmoja una unene wa kama nanomita 80,000, kwa hiyo pua haina uwezo wa kuzuia kitu kidogo namna hiyo. Zinafika hadi kwenye vifuko vya hewa, na mwili unapambana nazo kama unavyopambana na vijidudu. Homa huanza baada ya muda wa saa 4 hadi 10, na huisha ndani ya siku moja au mbili. Jumatatu nayo ina sababu yake: katikati ya wiki mwili unazoea, ukipumzika wikiendi ule uzoefu unapotea.

Homa hiyo inapita. Ninachokiogopa ni miaka inayokuja. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliyaweka mafusho ya kuchomelea kwenye kundi la 1, yaani yanasababisha saratani kwa binadamu, ya mapafu hasa. Vijiti vya kuchomelea vina manganizi, aina ya madini, ambayo ikizidi mwilini kwa miaka huleta mtetemeko na kutembea kwa shida. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walionyesha kwamba kwa panya, chembe za nano za manganizi hupita kwenye neva ya kunusia hadi ubongoni.

Nenda hospitali, na umtajie daktari kazi yako kabla hajakuuliza. Kipimo cha TB fanya, na malaria usiache kupima kila homa ikija. Pumzi ikizidi kubana siku ya pili badala ya kuachia, usisubiri kupambazuke. Inaweza kuwa kadmiamu, madini yenye sumu yanayopakwa kwenye baadhi ya vyuma, na kadmiamu inaua.

Nguo za kazi ziache kazini. Usimkumbatie mama kijacho nazo.

Mzee_wa_Grenda:
Kijana wangu, nina miaka 26 kwenye hii kazi. Kabla ya kuchomelea, kwangua zinki kwa grenda pande zote za maungio, upana wa vidole vitatu, mpaka uone chuma chenyewe. Vaa barakoa hapo pia, maana vumbi lake ni zinki hiyohiyo. Toa kazi nje, upepo ukupige ubavuni. Ukiupa mgongo, moshi unazunguka na kukurudia usoni.

Fundi_Mbagala:
Asante sana wazee wangu. Huwa nafunga kitambaa puani. Bosi anasema zile barakoa za bluu za hospitali zinatosha.

Kamukunji_JuaKali:
Hazitoshi, ndugu yangu. Ile ya bluu haishiki mashavuni, hewa yapita kando. Kitambaa nacho ni kama hakuna. Tafuta N95, barakoa inayobana uso na kuchuja chembe ndogo, na pesa zikipatikana, ile ya mpira yenye vichujio viwili. Watu hudhani chembe za nano hupenya N95 kwa udogo wake. La, zile ndogo kabisa huyumbayumba hewani zikagonga nyuzi na kunasa. Hatari iko kwenye pengo la usoni. Mimi nilinyoa ndevu.

Mdau_wa_Kazi:
Mkuu, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Akigoma, nenda OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini.

Fundi_Mbagala:
Nimeongea na bosi leo. Tunahamia nje chini ya mwembe, na ameagiza N95 kumi. Hospitali naenda Jumamosi na mke wangu. Kuna kijana wa miaka 17 anajifunza kwangu, ndiye anayenishikia bomba, uso wake uko kwenye moshi uleule. Barakoa ya kwanza nampa yeye. Jumatatu usiku nitaandika hapa hali ikoje.