Nitaanzia wapi kuelewa majengo makubwa ya dunia yalivyojengwa?

Kijana wa Gungu

Wakubwa zangu shikamooni, na wa rika langu mambo vipi. Niko Kigoma, nabeba zege na kufunga nondo kwenye saiti za watu huku najipanga kwenda VETA. Jioni naangalia video za mnara wa Eiffel, Burj Khalifa, lile jumba la opera la Sydney, Australia. Zote zinanipa urefu, gharama na jina la aliyechora, halafu muziki unapigwa na jengo limekwisha.

Mimi nataka pale katikati. Chukueni Eiffel: miguu minne, yote imeinama kwa ndani. Kabla haijakutana, nini kiliizuia isianguke? Na walijuaje kwamba itakutana sawasawa? Fundi wangu nilipomuuliza alisema Wazungu wana mashine, nikalete maji. Hilo halijanitosha. Mtu anaanzia wapi kusoma jengo mpaka alielewe?

Mwashi wa Mwanga

Marahaba kijana. Swali lako ni zuri kuliko video zote hizo, na umeshajijibu nusu bila kujua. Mimi ni mwashi, nimezeekea kwenye kazi hii hapa Mwanga na Ujiji, na jengo lolote naliuliza swali moja tu: kabla halijajishika lenyewe, lilishikiliwa na nini? Kwa maneno mengine, mirunda, ile miti ya kuegemeza, ilikuwa wapi? Jengo likiisha mirunda inaondolewa, inauzwa kuni, na hakuna anayeipiga picha. Lakini akili ya fundi ilikuwa humo.

Hiyo Eiffel yako. Mwaka 1887 miguu ilianza kupanda ikiwa imeinama, na mwanzoni ilijishika kwenye misingi yake. Ilipozidi kwenda juu wakaiwekea majukwaa 12 ya mbao, kila moja likiwa na kimo cha mita 30, yaiegemeze. Sasa sikiliza ujanja wenyewe. Kwenye majukwaa waliweka masanduku ya mchanga, na kwenye nyayo za miguu wakaweka jeki za nguvu ya maji. Mguu ukiwa juu kidogo kuliko unavyotakiwa, unafungua tundu la sanduku, mchanga unamwagika, chuma kinashuka polepole. Ukiwa chini, jeki inaunyanyua. Hivyo ndivyo miguu minne ilivyokutana kwenye ghorofa ya kwanza, na tundu la ribiti, yaani pini ya kuungia vyuma, la chuma hiki likatazamana na tundu la chuma kile. Fundi wako asikudanganye, mchanga si mashine.

Na ribiti zenyewe ni kazi ya watu wanne: mmoja anaipasha moto, mwingine anaishikilia, wa tatu anaitengeneza kichwa, wa nne anamalizia kwa nyundo nzito. Ziko milioni 2.5. Ila nyingi zilipigwa kiwandani Levallois-Perret, pembeni ya Paris, vipande vikaja saitini vimeshaungwa.

Ninaloliheshimu zaidi ni kuba la kanisa kuu la Florence, Italia, kwa sababu yule bwana, Brunelleschi, alilijenga bila mirunda ya kulibeba kutoka chini. Alianza 1420, akamaliza 1436. Shimo la kufunika lilikuwa na upana wa zaidi ya mita 40, na lilianzia juu ya ukuta wa zaidi ya mita 50. Hebu piga hesabu ya mbao za kujaza nafasi hiyo! Hazikupatikana. Kwa hiyo alifanya hivi: kila safu ya tofali ilizunguka mpaka ikafunga duara, na duara likishafunga haliwezi kuangukia ndani, kila tofali linambana mwenzake. Tatizo linabaki pale safu haijafunga na chokaa ya kuungia bado mbichi. Hapo akachomeka tofali za kusimama kila baada ya hatua kadhaa, safu baada ya safu, zikapanda kwa mshazari kama ukili wa mkeka. Tofali za kulala zikabanwa katikati ya hizo za kusimama, zisiteleze. Kuba lenyewe ni mawili, moja ndani ya jingine, na kuna minyororo ya mawe na chuma iliyozunguka kulizuia lisitanuke. Ule ni mkanda, mdogo wangu. Mkanda ule ule tunaomwaga juu ya lenta hapa Kigoma, ambao wenye nyumba wakiishiwa hela ndio wanaoukata kwanza.

Binti Isevya

Mzee shikamoo. Nakukubali, ila umemwacha mchoraji njiani kama vile kazi yake ni kuleta karatasi tu. Mimi nachora ramani za nyumba hapa Tabora, naomba nimtetee.

Eiffel haikupindwa vile kwa ajili ya urembo. Wahandisi Maurice Koechlin na Émile Nouguier walioanza kuichora mwaka 1884 walikuwa wanapigana na upepo. Mnara wa mita 300 hauogopi uzito wake kama unavyoogopa kusukumwa kwa ubavu, ndiyo maana umetanuka chini na kusinyaa juu, na una matundu upepo upite. Burj Khalifa vilevile. Ina mabawa matatu yanayoegemeana kwenye kiini kimoja, na kadiri inavyopanda hadi mita 828 umbo linabadilika, upepo usipate mdundo mmoja wa kuitikisia.

Nikirudi saitini kidogo: zege la Burj lilimwagwa usiku majira ya joto, na barafu ikachanganywa kwenye maji yake. Zege likipata joto kali linakimbilia kushika na kupasuka. Sisi Tabora mwezi wa kumi, jua la saa nane mchana, mtu anamwaga slabu na hata kuimwagia maji kesho yake anaona uvivu.

Kwa hiyo kijana, mirunda ndiyo, lakini uliza pia jengo linaogopa nini.

Kijana wa Gungu

Ahsanteni sana. Dada, na Sydney? Yale mapaa yaliogopa nini?

Binti Isevya

Yaliogopa hesabu! Jørn Utzon wa Denmark alishinda shindano mwaka 1957 kwa michoro ya mapaa yaliyopinda, ila hakuna aliyejua yatajengwaje. Kila paa lilikuwa na mkunjo wake, maana yake kila kipande kingehitaji kalibu yake, yaani umbo la kumwagia zege. Wahandisi wa kampuni ya Ove Arup walihangaika miaka. Mwaka 1961 ufumbuzi ukapatikana: mapaa yote yakatwe kutoka kwenye tufe moja la nusu kipenyo cha mita 75 hivi. Mkunjo ukawa mmoja, kalibu zile zile zikamwagia mbavu nyingi, zikapandishwa na kuungwa juu. Lilifunguliwa 1973. Utzon mwenyewe alishajiuzulu tangu 1966 baada ya kugombana na serikali.

Mwashi wa Mwanga

Marahaba binti, nimekubali. Mchoraji aliyebadilisha mchoro ili fundi apate kalibu moja, huyo ni mwenzetu. Sasa wewe wa Gungu, usiishie kwenye simu. Nenda stesheni ya reli hapo mjini, tangu enzi za Mjerumani ipo, na reli ilifika Kigoma 1914. Simama chini ya tao, angalia jinsi uzito unavyoshuka pembeni, kisha jiulize fremu ya mbao iliyolibeba tao ilikaa wapi na iliondolewaje. Ukipata nauli ya kwenda Tabora, nenda Kwihara ukaone lile tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Tembe la asili paa lake ni bapa, la udongo juu ya miti. Muulize huyo binti linaogopa nini.

Binti Isevya

Mvua, mzee. Udongo ukilowa unakuwa mzito mara moja, na miti chini yake ndiyo inayolemewa, ndiyo maana vyumba vya tembe ni vyembamba. Akija anitafute, nitamwonyesha nguzo zilivyopangwa.

Mwashi wa Mwanga

Kabla ya Tabora, Jumamosi tunatoa mirunda kwenye slabu moja hapa Mwanga, siku zake 28 zimetimia. Njoo saa moja asubuhi uone tunaanzia kuitoa upande gani na kwa nini. Uje na viatu vya kufunika vidole.