Ukoo wa Kibokoni: safari ya Nyanya

Zuhura: Salaam alaykum jamaa. Tiketi ya Nyanya imepatikana, wiki ya pili ya Januari.

Ami Swaleh: Waalaykum salaam. Alhamdulillah. Anapitia wapi? Sitaki abadilishe ndege Ulaya, magoti yale hayawezi.

Zuhura: Habadilishi, Ami. Nairobi moja kwa moja hadi New York, ile ya Kenya Airways iliyoanza Oktoba 2018. Karibu kilomita 11,800, saa 15 hewani. Kurudi ni kama 14.

Ma'mdogo Rukia: Njia si ile ile? Mbona kwenda ni kurefu?

Zuhura: Upepo, Ma'mdogo. Huko juu ya Atlantiki unavuma kutoka magharibi. Ni kama jahazi kwenda Lamu wakati wa kaskazi.

Ma'mdogo Rukia: Hapo nimekuelewa.

Fauz: Nimechora Nairobi na New York kwenye chungwa, nikavuta uzi wa Nyanya baina yao. Nilidhani utapita Kongo. Ukikazwa unapanda juu, Sahara, Moroko, ndio baharini!

Nyanya (sauti, naandika mimi Fauz): Wajukuu zangu, hizo kilomita waachieni marubani. Mie nataka kujua nitaswali vipi. Saa 15 ni vipindi vingapi?

Zuhura: Shikamoo Nyanya. Nimekaa nikahesabu jana usiku. Mnaruka saa tano na nusu usiku, magharibi na isha ushaswali uwanjani. Ndege inakimbilia magharibi na usiku unakwenda nayo. Mkitua, kwetu ni saa nane na nusu mchana, lakini New York iko nyuma yetu saa 8, kwa hivyo kule ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua halijatoka. Safari nzima ni usiku mmoja mrefu. Alfajiri itaingia mkikaribia kutua. Mwambie mhudumu mapema akuamshe.

Nyanya (sauti): Subhanallah. Usiku mmoja tu.

Ami Swaleh: Na dawa ya presha? Huimeza saa mbili asubuhi. Saa mbili yetu atakuwa bado angani, gizani, hajafika hata Marekani. Asije akangoja kupambazuke.

Zuhura: Kweli, Ami. Kesho nampeleka kwa daktari wake, atuandikie saa kamili. Na kila akiamka asimame, atembee kidogo, anywe maji. Kukaa sana huvimbisha miguu.

Ma'mdogo Rukia: Nairobi afike kwa ndege, saa moja tu.

Nyanya (sauti): Nitapanda treni ya asubuhi Miritini. Nataka kuona Voi.

Ami Swaleh: Basi nitafuatana naye. Syokimau na uwanja wa ndege ni jirani.

Fauz: Nyanya amechukua uzi wake. Anasema kofia ya mtoto wa Dada haijaisha na Januari ndiyo hii.