Nimeshikwa naendesha nimekunywa, ni kosa la kwanza, nitegemee nini?

Njia Panda:
Wakuu habari za humu. Naombeni msaada, na kama kuna anayejua sheria ndo bora zaidi, ila matusi niwekeeni akiba maana mke wangu kashayamaliza yote. Jumamosi usiku nimetoka kwenye sherehe, nilikunywa bia tatu, labda nne, nikajiona niko freshi kabisa nikashika usukani, mbele nakuta polisi wanasimamisha magari, wakanipulizisha kile kipimo cha mkononi kikasoma juu, kituoni nikapuliza tena mashine kubwa nayo ikasoma juu. Nimelala mahabusu mpaka asubuhi, nimetoka kwa dhamana na karatasi ya kwenda mahakamani baada ya wiki tatu. Leseni wamebaki nayo, kuna na karatasi nyingine wamenipa sijaisoma vizuri. Sijagonga mtu, sijagonga hata nguzo, na sijawahi kuwa na kesi tangu nizaliwe.

Nchi sitaji, shemeji zangu nao wanasoma humu 😅

Maswali yangu: kosa la kwanza kuna jela kweli? Naweza kwenda tu nikakiri nikalipa faini yakaisha? Na wakili ana umuhimu au ni kutupa hela?

Mzee wa Fasta:
Kosa la kwanza hakuna jela bwana, acha kujitisha. Nenda, kiri, mwambie hakimu una familia inakutegemea, lipa faini rudi nyumbani. Wakili wa nini sasa.

Kifungu Kidogo:
Mzee wa Fasta utampoteza mwenzio. "Kosa la kwanza hakuna jela" inategemea uko wapi na ulisoma ngapi. Wisconsin kule Marekani kosa la kwanza kwa kawaida hata sio jinai, ni faini ya madai na leseni kusimamishwa. Nenda Arizona, nchi ileile moja, kosa la kwanza sheria inaanza na siku 10 jela, hakimu anaweza kukusamehe 9 ukikubali kupimwa na kusomeshwa habari za pombe, lakini siku moja unalala. England wanaweza kukufunga mpaka miezi 6, kwa mtu wa kwanza ambaye hajaumiza mtu mara nyingi hawafiki huko, ila leseni inakwenda miezi 12 na hiyo ndo ya chini kabisa, machozi hayasaidii labda uwe na sababu ya pekee sana.

Njia Panda, cha kwanza kabla ya yote kaisome hiyo karatasi ya pili SASA HIVI. Watu wengi hawajui kwamba sehemu nyingi haya mambo yanakwenda kwa njia mbili, kuna mahakama, halafu kuna ofisi ya leseni ambayo haimsubiri hakimu. California kwa mfano una siku 10 tu tangu kukamatwa kuomba usikilizwe kuhusu leseni, zikipita hujaomba unafungiwa hata kama kesi yenyewe haijatajwa. Utakuja kushinda mahakamani huku unatembea kwa miguu.

Njia Panda:
Aisee nimeitoa kwenye mfuko wa suruali ilikuwa iende kufuliwa. Imeandikwa siku 14 kuanzia tarehe ya kukamatwa, zimebaki 9. Nilidhani ni risiti ya leseni tu wallahi.

Mama Usukani:
😳 asante mungu kwa nguo chafu

Abiria Mstaafu:
Mimi yalinikuta miaka ya nyuma, na yangu ilikuwa asubuhi mjue, nimelala saa tano nzima, nimeoga, nimekunywa chai ya rangi kali, natoka kwenda kazini nasimamishwa napuliza, iko juu. Nikabisha sana pale barabarani kumbe mjinga ni mimi. Mwili unatoa pombe polepole, kwa mtu wa kawaida ni kama asilimia 0.015 ya pombe kwenye damu kwa saa, sasa kama umelala na 0.15 piga hesabu mwenyewe, ni saa kumi ndo iishe yote. Kahawa, maji baridi, supu, kutapika, hakuna kinachoharakisha, unakuwa tu mlevi uliyeamka vizuri.

Nije kwenye adhabu. Faini nililipa nikaisahau ndani ya miezi miwili, kweli kabisa. Kilichonitoa jasho ni vile vitu vingine ambavyo hakuna aliyenitajia siku ile, mwaka mzima bila leseni na kazi yangu ilikuwa ya kuzunguka kwa wateja, bosi akanivumilia miezi miwili wa tatu akaniambia tuachane kwa amani. Leseni imerudi, bima wakanipandishia mpaka nikauliza kama wamekosea namba, wa pili wakanikataa kabisa. Halafu yale madarasa ya kila Jumamosi unayalipia mwenyewe. Ukijumlisha yote faini ilikuwa ndo kitu kidogo kuliko vyote. Na wewe kama kazi yako ni udereva sema mapema, maana madereva wa magari makubwa wana kikomo chao cha chini zaidi sehemu nyingi, na Marekani dereva wa lori akishikwa hata na gari lake la nyumbani siku ya mapumziko, leseni ya lori inakwenda mwaka mzima kwa kosa hilo la kwanza.

Njia Panda:
Udereva hapana, niko ofisini, ila ofisi yenyewe iko mbali. Daah. Na hiyo mashine ilisoma 0.9 sasa sijui ni kubwa au ndogo, jamaa mmoja kaniambia 0.9 mtu anakuwa ameshakufa.

Kifungu Kidogo:
😂 hujafa. Hapo watu wanachanganya vipimo. Kuna nchi zinaandika kwa mia na kuna zinazoandika kwa elfu, 0.08 kwa mia na 0.8 kwa elfu ni kiasi kilekile. Yako ikiwa ni kwa elfu, uko juu kidogo tu ya kikomo cha England, Ujerumani ingekuwa chini ya 1.1 ambako kama huyumbi na hujasababisha hatari ni faini ya euro 500, pointi 2 na mwezi mmoja bila kuendesha, haifiki kuwa jinai. Ukivuka 1.1 inakuwa jinai na leseni inafutwa, na hapo unaomba upya baada ya miezi 6 au zaidi. Uswidi wao kikomo ni 0.2, hiyo 0.9 yako wangekushangaa.

Ndo maana namba ni muhimu kuliko hiyo hadithi ya bia tatu labda nne, hakimu hahesabu chupa. Kinachopandisha adhabu kwa mtu wa kwanza karibu kila mahali ni kusoma mara mbili ya kikomo, ajali, mtoto ndani ya gari, mwendo kasi, na kukataa kupima.

Mama Usukani:
Swali hapohapo samahani mleta mada. Mtu akikataa kupuliza si wanakosa ushahidi? Shemeji yangu anaapa hiyo ndo dawa. Na ukilala tu ndani ya gari bila kuendesha je?

Kifungu Kidogo:
Dada mwambie shemeji aache. Kukataa ni kosa lenyewe linajitegemea sehemu nyingi. Kanada aliyepima akakutwa juu kidogo ya kikomo faini yake ya chini kwa kosa la kwanza ni dola 1,000, aliyekataa anaanzia 2,000. England aliyekataa kituoni bila sababu ya maana anapoteza leseni mwaka mmoja uleule.

Kulala kwenye gari nako kuna mtego, England kuna kosa la kuwa na mamlaka juu ya gari ukiwa juu ya kikomo, umelala kiti cha mbele ufunguo mfukoni wanaweza kukushtaki, kazi inakuwa kwako kuonyesha kwamba hukuwa na mpango wa kuendesha. Na Japani nisiwaambie, hata abiria aliyepanda akijua dereva amekunywa na yule aliyemmiminia pombe wanashtakiwa.

Mzee wa Fasta:
Sawa mmenishinda lakini wakili bado ni hela ya bure kama mashine imesoma imesoma

Kifungu Kidogo:
Sio kila wakili anakwenda kubisha kama ulikunywa. Anaangalia mashine ya kituoni ilikaguliwa lini, ulisimamishwa kihalali au vipi, na kama kuna mpango wa darasa wa kupunguza adhabu, England darasa linaweza kukata mpaka robo ya muda wa kufungiwa lakini lazima mahakama ikupe nafasi hiyo. Anakuambia pia kukiri kunabaki kwenye rekodi muda gani. Tangu Desemba 2018 Kanada hili kosa wanalihesabu uhalifu mkubwa kwa mgeni, hukumu moja tu inaweza kukurudisha mpakani. Ukishakiri kwa haraka ya kumaliza kesi, kulirudisha neno ni kazi.

Kama hela hakuna uliza mahakamani kuhusu wakili wa zamu au msaada wa kisheria, hata nusu saa ya ushauri inatosha kwa kuanzia.

Abiria Mstaafu:
Na kwenye karatasi ya siku 14 usitume mtu, peleka mwenyewe na ugongewe muhuri kwenye nakala yako. Mimi nilituma mtu.

Njia Panda:
Ikawaje?

Abiria Mstaafu:
Unadhani hili jina nimelitoa wapi.

Njia Panda:
😂😂 nimeelewa. Nimeongea na wakili kwa simu, kesho saa tatu ananiona, ofisi ya leseni tunapitia hapohapo. Mke ndo ananiendesha, funguo za gari kazificha na hasemi wapi.