Boti ya dagaa: waya gani unafaa kwa taa za 12V?

Mzawa wa Igombe
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri kwa wanaojua umeme. Nina boti ya mbao ya dagaa hapa Igombe, karabai tumeshaachana nazo, betri ya 12V ipo nyuma na taa tatu za LED za wati 20 zipo mbele, waya ukifuata ubavu unafika mita 10. Fundi kanifungia ule waya wa nyumba wa uzi mmoja mgumu, wa 1.5 (milimita za mraba), sasa taa zinawaka ila zimefifia, na juzi tupo katikati ya ziwa mbili zikazima, kucheki waya umekatikia ndani ya plastiki kwa nje huoni kitu. Nataka nifumue zote, ninunue waya gani? Kuna jamaa anasema eti nitafute waya wa ndege.

Kamba Mbili
1.5 inabeba hata ampea 10 mkuu. Wati 60 kwa 12V ni ampea 5 tu. Betri limechoka hilo, usisingizie waya.

Mzee wa Mita
Kubeba inabeba, haitaungua, ila volti ngapi zinafika kwenye taa? Umeme unaenda na kurudi, mita 10 zinakuwa 20. Shaba ya 1.5 hapo inakula kama volti 1.2, kwenye umeme wa TANESCO wa 230 huwezi kuiona ila kwenye 12 ni sehemu ya kumi nzima imeishia njiani. 2.5 inakula 0.7, 4 inakula 0.44 hivi. Mimi ningevuta 4 mpaka mbele ndo nigawe kwa 1.5 kwenda kila taa. Fyuzi ya ampea 7.5 weka kwenye chanya, karibu kabisa na betri, maana shoti ikipiga katikati ya boti fyuzi ya kule mbele haina kazi.

Spana ya Angani
Natengeneza ndege ndogo. Waya wetu una nyuzi nyingi za shaba zilizopakwa bati, ganda la plastiki ya Tefzel, unavumilia sentigredi 150 na haufuki moshi mzito kama PVC, ile plastiki ya waya za kawaida, ndo maana hata wanaojiundia ndege nyumbani wanautumia, moshi ndani ya chumba cha rubani sio mchezo. Wewe upo peupe unapigwa upepo, hiyo hela weka mafuta. Chukua mawili tu, nyuzi nyingi na bati. Waya mgumu ukitikiswa na mashine usiku kucha lazima ukatike. Na mwisho wa waya usilehemu, bana terminali (kile kichuma cha kwenye ncha), ukilehemu panakuwa pagumu napo panakatika.

Mzawa wa Igombe
Asanteni sana, sasa yenye bati naijuaje? Dukani kila waya ni orijino 😂

Mzee wa Mita
Chubua ncha ukwangue na wembe. Nje nyeupe ndani nyekundu, lipa. Nje nyekundu ndani nyeupe hiyo ni alminiamu imepakwa shaba, mrudishie, hata roli lake ukilinyanyua jepesi.

Kamba Mbili
Na betri apime jamani, mimi bado nipo palepale

Mzee wa Mita
Apime taa zikiwa zinawaka, kwenye betri kwanza halafu kwenye taa. Betri ikisoma 12.3 na taa 11 ni waya. Betri yenyewe ikisoma 11 umeshinda wewe.