Kikundi cha familia: Yaya Mado yuko Kasenga

Clarisse: Jambo Yaya Mado. Umetutupa? Sisi huku Katuba, Lubumbashi, tunangojea hata sauti tu. Network imekufa ao ni wewe?

Mado: Jambo mdogo wangu. Network iko, mi njo sina nafasi. Nilifikiri nakuja kufungua duka Kasenga na kupumzika kelele za Lubumbashi. Hata jua halijatoka, mtu anapiga hodi. Si dukani, ni kwenye dirisha la chumba! "Mama, nipe chumvi ya franka mia tano." Nampa. "Haya, andika."

Didi: 😂😂 Andika! Yaya, pale dukani kwako Kampemba ulibandika karatasi: DENI HAPANA, HATA KWA NDUGU. Imeenda wapi?

Mado: Niliibandika hapa pia. Mama mmoja akaja, akaisoma kwa sauti ya kanisani, kisha akaniuliza kama nimesahau nani alinibeba mgongoni wakati mama yetu amelazwa. Nikaitoa kwa mkono wangu.

Clarisse: Weee 🙈

Mado: Kampemba mtu akikopa anahama mtaa, imeisha. Huku hahami. Lakini na mimi nitamkimbia wapi? Tunakutana kisimani, kanisani, kwenye matanga. Nikimdai mbele ya watu, watasema mji umeniharibu. Kaye nzima, daftari yangu ya madeni, imejaa majina ya watu ninaowaita mama na baba.

Didi: Sasa kwa nini hawalipi?

Mado: Si mto umefungwa!

Baba Mukubwa: Watoto, jambo yenu. Didi, wewe ulizaliwa Lubumbashi, haujui mto Luapula. Upande wa Zambia wanafunga uvuvi kila mwaka toka tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, na huku vilevile, samaki wapate kutaga. Wakati wa wafanyabiashara Wagiriki, Kasenga ilikuwa inatuma samaki wa barafu mpaka Élisabethville, njo Lubumbashi ya leo. Samaki mpumbu alikuwa anapanda mto na mvua, tumbo limejaa mayai, na watu wanamtega palepale njiani. Wakammaliza. Kwa hiyo miezi hii mvuvi hana pesa, na msimfanye mwizi.

Didi: Ndiyo Baba Mukubwa. Lakini sabuni haingojei mwezi wa tatu.

Tantine Kasenga: Nimesoma yote nikanyamaza. Mado, kaye yako imeandikwa upande mmoja tu. Nani alikulimia shamba la mihogo? Nani alichimba kichuguu, akakufyatulia matofali ya choo? Ulitoa franka ngapi?

Mado: Sikutoa kitu Tantine. Nilipika bukari (ugali) na sombe (majani ya mihogo), basi.

Tantine Kasenga: Umeona. Andika na ile.

Mado: Nitaandika. Lakini Tantine, muuzaji wa jumla wa Lubumbashi hapokei mihogo. Yeye anataka dola.

Clarisse: Hapo Yaya ana haki.

Tantine Kasenga: Ana haki, sikukataa. Sikiliza basi. Chumvi, sabuni, kiberiti: andika. Bia na uniti za simu: pesa mkononi. Hakuna atakayekusema, kila mtu hapa anajua bia si chakula. Na mto ukifunguliwa, usipite nyumba kwa nyumba. Beba kiti chako asubuhi mapema, nenda ukae pale mitumbwi inaposhusha samaki. Salimia kila mtu, uliza watoto. Kaye iache nyumbani.

Didi: Na watalipa?

Tantine Kasenga: Mtu ameshika kapu la samaki, anakuangalia, unamuuliza hali ya mke wake. Atafanya nini?

Baba Mukubwa: 👏🏾 Huyo njo dada yangu.

Didi: Tantine, kuja utudaie wapangaji wetu huku 😂

Mado: Asante Tantine, nimeshika. Didi, kwa sasa nitafutie kartoni mbili za sabuni na mfuko mmoja wa chumvi, utie kwenye busi ya kesho. Nusu ya pesa natuma jioni kwa simu.

Didi: Na nusu ingine?

Tantine Kasenga: Didi, nunua kaye.