Mrejesho: Ndege ya mjomba iliyokataa kupaa

Wadau, juzi niliuliza kwa nini ndege ndogo ya mjomba, injini ikinguruma vizuri tu, ilimaliza kiwanja chote bila kupaa ikaenda kujikita kwenye ua wa michongoma.

Kwanza, mjomba yuko nyumbani Lang'ata. Bega limefungwa, mdomo haujafungwa. Abiria wake watatu walitoka na michubuko.

Mliosema "hewa", mlipatia. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huku hewa ni nyepesi, na jua kali huizidisha wepesi: injini isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupungukiwa nguvu, mabawa nayo hudai mbio ndefu zaidi kabla ya kubeba. Wao waliondoka saa saba mchana, watu wanne, matangi yamejaa pomoni! Mjomba mwenyewe kakiri kwamba Mombasa mzigo uleule haukuwahi kumsumbua. Hayo ni maneno yake lakini, ripoti ya wachunguzi haijatoka.

Shangazi ameshaficha ufunguo wa ndege kwenye debe la unga, ingawa ndege yenyewe sasa ni vyuma chakavu.