Mrejesho: vumbi laini lililobaki baada ya ujenzi ndani ya nyumba

Wiki tatu zilizopita niliomba ushauri kuhusu vumbi jeupe lililokuwa likirudi juu ya samani kila asubuhi, ingawa nilikuwa nimefagia mara nne tangu mafundi wamalize kukata zege na kupiga msasa kuta. Ninawashukuru kwa dhati wote mlionijibu, hasa aliyenieleza kwamba ufagio mkavu ndio uliokuwa ukilirusha hewani, likaelea kwa saa nyingi na kutua upya usiku.

Safari hii nilianzia juu. Nilipopitisha kitambaa chenye unyevu kwenye mapanga ya feni ya dari, kilitoka na tabaka zito kama unga, nikaelewa kwamba kila nilipoiwasha nilikuwa nikilisambaza vumbi mwenyewe. Nikafuata kuta, fremu za milango na mwisho sakafu, nikibadilisha maji ya ndoo kila yalipogeuka kuwa kama maziwa, kwa sababu maji machafu huacha utando mweupe yakikauka. Mashine ya kufyonza vumbi niliyoazima ina kichujio cha HEPA, ambacho hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa mikromita 0.3, ilhali mashine yangu ya zamani ilikuwa ikizitoa kwa nyuma. Barakoa sikuivua, kwani vumbi la zege lina silika inayodhuru mapafu.

Leo ni siku ya sita tangu nisafishe hivyo, na nikipitisha kidole juu ya meza ya mwanangu, ambaye kikohozi chake ndicho kilichonifanya niulize, hakitoki na kitu.